Wanga, Insulini na Ovari: Mlo wa Mwanamke Aliyepunguzwa Tumbo

Mwili wa mtu mzima una damu kiasi cha lita 5. Asubuhi, kabla ya kula, kila mililita 100 za damu hiyo huwa na miligramu 90 hivi za sukari iitwayo glukosi. Mwanafunzi akifanya hesabu ataona kwamba glukosi yote iliyomo katika damu ni gramu 4.5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 au zaidi. Kwa hiyo anywaye soda hiyo huingiza mwilini, kwa dakika chache tu, sukari inayokaribia mara saba ya ile iliyokuwamo katika damu yake yote.

Mwili hauharibiki kwa kuwa una mlinzi. Mlinzi huyo ni insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Glukosi inapozidi katika damu, kongosho humwaga insulini. Nayo insulini huwezesha glukosi kuingia katika misuli na katika seli za mafuta, na hulifanya ini liweke akiba. Kwa watu wengi kazi hii hufanyika mchana na usiku bila wao kuitambua. Lakini wako wanawake ambao kwao insulini hiyohiyo inayowalinda ndiyo inayovuruga uzazi wao. Baadhi yao, kwa sababu ya unene uliopita kiasi, hufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Baada ya upasuaji huo hukabiliwa na swali ambalo halina jibu la neno moja: je, wale vyakula vya wanga, au waviache?

Ili kulijibu swali hilo yafaa kwanza kufahamu maradhi yenyewe, kisha kufahamu kisu cha daktari hubadili nini tumboni.

JINA LINALOPOTOSHA

Maradhi yanayozungumzwa huitwa hali ya ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata wanawake wapatao 10 hadi 13 katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba wengi wao hawajui kuwa wanayo. Dalili zake kuu ni hedhi kukoma au kuja kwa nadra, nywele kuota kidevuni na kifuani, chunusi zisizokwisha, na kuchelewa kupata mimba. Wengi huongezeka unene, lakini wako wembamba pia wenye hali hii.

Mwaka 1935 madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, Marekani, walieleza habari za wanawake saba waliokuwa na dalili hizo na ambao ovari zao zilikuwa zimevimba na kujaa vifuko vidogovidogo. Madaktari hao walikata kipande cha kila ovari. Wanawake wote saba wakarudia kupata hedhi, na wawili wakashika mimba. Tangu hapo iliaminika kwa muda mrefu kwamba shina la maradhi ni vifuko vyenyewe.

Sivyo ilivyo. Vifuko hivyo si uvimbe wala si saratani. Kila mwezi mayai kadhaa huanza kukua ndani ya ovari, kila yai likiwa katika kifuko chake. Kwa kawaida kifuko kimoja hutangulia, hufikia upana wa milimita 20 hivi, kisha hupasuka na kulitoa yai. Katika hali hii vifuko huanza kukua vizuri, lakini husimama vikiwa na upana wa milimita 2 hadi 9. Hakuna kinachotangulia, na hakuna yai linalotoka. Vinavyoonekana katika picha ya mawimbi ya sauti ni safari nyingi zilizokatizwa njiani. Swali la kisayansi, basi, ni hili: ni kitu gani kinachozikatiza?

INSULINI KATIKA OVARI

Dokezo la kwanza lilitoka Paris mwaka 1921, wakati madaktari Achard na Thiers walipoeleza kisukari cha wanawake wenye ndevu. Kwa sadfa, katika majira ya joto ya mwaka huohuo Banting na Best walikuwa wakifanya kazi ya kutoa insulini katika kongosho za mbwa huko Toronto, Kanada. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili wakati ule. Ilipofika mwaka 1980, G. A. Burghen na wenzake wa Memphis, Marekani, walipima damu ya wanawake wanene wenye hali hii na kugundua kwamba insulini yao ilikuwa nyingi kuliko ya wanawake wengine wanene, na kwamba kadiri insulini ilivyozidi, ndivyo homoni za kiume zilivyozidi.

Maelezo yanayokubaliwa leo ni kama ifuatavyo. Katika wengi wa wanawake hawa misuli huwa mizito kuitii insulini. Kongosho, likiona glukosi imebaki katika damu, humwaga insulini zaidi ili kuishinda misuli hiyo. Lakini ovari haina uzito huo. Ovari huisikia insulini vizuri, na insulini hiyo nyingi huihimiza itengeneze testosteroni, homoni ya kiume ambayo kila mwanamke huwa nayo kwa kiasi kidogo. Aidha, insulini hulipunguzia ini kasi ya kutengeneza protini maalumu inayoishika testosteroni katika damu. Hivyo testosteroni huongezeka, na sehemu yake iliyo huru, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kutenda, huongezeka zaidi. Homoni hii ndiyo inayoota nywele kidevuni, na ndiyo mojawapo ya vizuizi vya yai kukomaa.

Mfano wa bomba la maji unaweza kusaidia. Mwalimu akitaka maji yafike chumba ambacho bomba lake limeziba nusu, atafungua koki kuu kwa nguvu. Maji yatafika huko, lakini chumba cha jirani chenye bomba zima kitafurika. Misuli ni chumba cha kwanza. Ovari ni chumba cha pili.

Kutokana na maelezo hayo tiba nyingi hulenga kupunguza insulini: mazoezi ya mwili, kupunguza uzito, mlo uliopangwa, na dawa kama metformini. Kupungua kwa sehemu 5 tu katika kila 100 za uzito kwaweza kuirudisha hedhi kwa baadhi ya wanawake. Kwa wale ambao unene wao umepita kiasi na njia nyingine hazikufaulu, madaktari huweza kushauri upasuaji.

KISU HUBADILI NINI?

Unene hupimwa kwa kugawa uzito wa mtu, kwa kilo, kwa mraba wa urefu wake, kwa mita. Mwanamke mwenye kilo 95 na urefu wa mita 1.60 hupata 95 kugawa kwa 2.56, yaani 37. Upasuaji kwa kawaida hufikiriwa kwa wenye 35 au zaidi, ingawa siku hizi huweza kufikiriwa pia chini ya hapo endapo mtu ana maradhi yaletwayo na unene. Upasuaji huu hufanywa pia katika Afrika Mashariki, kwa mfano katika hospitali kadhaa za Nairobi.

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya mchepuko, iliyoanzishwa na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Sehemu ya juu ya tumbo hutengwa na kuwa kijitumbo cha mililita 30 hivi, ambacho ni kama vijiko viwili vya mezani; kisha kijitumbo hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na chakula huruka tumbo lililosalia pamoja na mwanzo wa utumbo. Njia ya pili ni ya kukata tumbo kwa urefu na kuliondoa karibu sehemu 80 katika 100. Linalobaki huwa bomba jembamba lenye umbo kama la ndizi.

Ni rahisi kudhani kwamba upasuaji hufanya kazi kwa kupunguza nafasi ya chakula tu. Uchunguzi umeonyesha zaidi ya hayo. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa Greenville, North Carolina, walitoa taarifa ya wagonjwa waliofanyiwa mchepuko: zaidi ya 80 katika kila 100 waliokuwa na kisukari cha ukubwani walirudia kiwango cha kawaida cha sukari, na wengi waliona badiliko hilo siku chache baada ya upasuaji, kabla ya uzito kupungua kwa kiasi kikubwa. Chakula kinapofika upesi katika sehemu za chini za utumbo, utumbo hutoa kwa wingi homoni zinazolihimiza kongosho na kuuambia ubongo kwamba mtu ameshiba. Aidha, sehemu ya tumbo inayokatwa katika njia ya pili ndiyo itengenezayo kwa wingi grelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999.

Je, ovari hunufaika? Jaribio lililofanywa London na kuchapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet lilihusu wanawake 80 wenye unene na ovari za vifuko, ambao hedhi yao ilikuwa imekoma au huja kwa nadra. Nusu yao walikatwa tumbo kwa njia ya pili. Nusu walipewa dawa na ushauri wa mlo na mwenendo. Kwa muda wa wiki 52 damu yao ilipimwa kila wiki ili kutafuta projesteroni, homoni ambayo hupanda pale tu yai linapokuwa limetoka. Wanawake wa kila kundi wakipangwa kwa mfuatano, yule wa katikati katika kundi la upasuaji alitoa yai mara 6 katika mwaka huo, na yule wa katikati katika kundi la dawa mara 2.

CHAKULA KINAPOWAHI KUFIKA

Hapa ndipo suala la wanga linapoingia. Katika mtu ambaye hajapasuliwa, tumbo ni ghala lenye bawabu. Chakula hukaa humo kwa saa mbili au zaidi kikisagwa, na msuli ulioko katika mlango wa chini hukiruhusu kupita kidogokidogo. Baada ya mchepuko bawabu huyo hayupo njiani tena. Hata katika njia ya pili, ambamo mlango huo huachwa, bomba jembamba husukuma chakula kwa kasi kuliko tumbo zima. Maji ya sukari, ambayo hayahitaji kusagwa wala kumeng'enywa sana, huteremka kama maji ya mfereji.

Matokeo ya kwanza huonekana dakika 10 hadi 30 baada ya kula: tumbo kunyonga, kuharisha, jasho, moyo kwenda mbio, na haja ya kulala chini. Sababu yake ni jambo linalofundishwa katika kila shule ya sekondari, yaani osmosisi. Mmumunyo mzito wa sukari ndani ya utumbo huvuta maji kutoka katika damu. Utumbo hutanuka, na damu hupungukiwa maji kwa muda.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa viazi mviringo viwili vibichi. Vimenywe, vikatwe chini ili visimame wima, na kila kimoja kichimbwe shimo juu. Shimo la kwanza litiwe kijiko cha sukari. La pili liachwe tupu. Visimamishwe katika sahani yenye maji kidogo kwa saa kadhaa. Shimo lenye sukari litajaa maji yaliyovutwa kupitia seli za kiazi, na shimo tupu litabaki karibu kavu. Seli za kiazi ni mfano wa ukuta wa utumbo. Maji ya sahani ni mfano wa maji ya damu.

MTEGO WA SODA

Matokeo ya pili huja saa 1 hadi 3 baada ya mlo, na mara nyingi hayaanzi mpaka mwaka mmoja au zaidi upite tangu upasuaji. Haya ndiyo yanayomhusu zaidi mwanamke mwenye ovari za vifuko.

Sukari inapofika yote kwa mkupuo, glukosi hupanda ghafla katika damu. Kongosho, likihimizwa pia na homoni za utumbo zilizotajwa hapo juu, humwaga insulini nyingi kupita haja. Glukosi huisha upesi kwa kuwa chakula chote kimekwisha kufyonzwa, lakini insulini bado imo. Sukari ya damu huporomoka, wakati mwingine chini ya miligramu 54 katika mililita 100. Mwanamke hutetemeka, hutokwa jasho jembamba, huona giza, hushindwa kuunganisha mawazo, na huweza kuanguka. Walio karibu naye huweza kudhani ana kifafa, ana mimba, au amerogwa.

Yeye mwenyewe hugundua kwamba soda au chai yenye sukari nyingi humpa nafuu mara moja. Huinywa chupa nzima. Saa mbili baadaye huanguka tena, na huinywa tena. Kila mara sukari huipandisha insulini, insulini huishusha sukari, na kushuka kwa sukari huleta hamu ya sukari. Uzito uliokuwa umepungua huanza kurudi. Nayo ovari, ambayo haijui habari za upasuaji, huipokea kila mara ile insulini iliyozidi. Hivyo mwanamke huweza kuvumilia kisu na gharama yake, kisha akarudishwa alikotoka na kinywaji anachokiona kuwa ni dawa.

Hii haina maana kwamba anayeanguka kwa kupungukiwa sukari anyimwe sukari. La hasha: ubongo hauna akiba ya kutosha ya glukosi, na kuchelewa ni hatari. Kinachohitajika ni kiasi kidogo kilichopimwa, kama gramu 15, yaani vijiko vya chai vitatu au vinne vilivyokorogwa katika maji, kisha sukari ikisharudi afuatishe chakula chenye protini, kama yai au karanga, ili isishuke tena. Yakimtokea zaidi ya mara moja hana budi kumwona daktari, kwani dawa zipo na sababu nyingine huweza kuwapo.

PROTINI KWANZA

Wako wanaohitimisha kwamba dawa ni kuacha wanga kabisa. Fikra hii nayo ina kasoro. Mwongozo wa kimataifa wa hali hii, uliotolewa mwaka 2018 na kurekebishwa mwaka 2023 chini ya usimamizi wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, haukuona mlo wa aina moja uliothibitika kuwa bora kuliko yote. Vyakula vya wanga visivyokobolewa huleta pia nyuzinyuzi, vitamini na madini. Jambo la msingi ni wanga upi, kiasi gani, na uingie kwa utaratibu gani.

Kanuni ya kwanza hutokana na udogo wa nafasi. Waliopunguzwa tumbo hushauriwa kula protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8. Maharage yaliyopikwa yana gramu 8 au 9 katika gramu 100. Hesabu hiyo yaonyesha kwamba mtu ambaye hushiba kwa vijiko vichache hawezi kuifikia akianza na ugali. Akianza na ugali, nafasi imekwisha.

Upungufu wa protini huweza kuigusa ovari kwa njia ya mzunguko. Mwili usiopata protini hula misuli yake wenyewe. Misuli ndiyo imezayo sehemu kubwa ya glukosi baada ya mlo. Misuli ikipungua, glukosi hubaki katika damu muda mrefu zaidi, insulini huongezeka, na koki ile kuu hufunguliwa tena. Kwa hiyo kipande cha samaki kinacholiwa kwanza si cha kujenga mwili tu. Ni cha kulinda mahali ambapo wanga utakwenda baadaye.

Kula kwa mfuatano huo kuna faida nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa watu 11 wenye kisukari mlo uleule kwa siku mbili tofauti, mara wanga ukitangulia, mara nyama na mboga zikitangulia. Sukari na insulini vilipanda kidogo zaidi pale wanga ulipoliwa mwisho. Watu hao hawakuwa wamepasuliwa, lakini washauri wa lishe hutumia kanuni hiyohiyo kwa waliopasuliwa: kwanza samaki, dagaa, yai, kuku au maharage, pili mboga, mwisho wanga, kwa vijiko vya kuhesabika. Chakula hutafunwa mpaka kilainike, na vinywaji huachwa kwa nusu saa baada ya kula ili visikisukume chakula kabla ya wakati wake.

SI KILA WANGA NI SAWA

Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto walipendekeza vyakula vipangwe kwa kasi ambayo hupandisha sukari ya damu, glukosi ikipewa 100. Maharage na dengu vilikuwa chini sana. Mkate mweupe ulikuwa juu. Kabla yake, katika miaka ya 1970, madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell, waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, walikuwa wamekwisha kuwatanabahisha Waingereza wenzao kwamba vyakula vya Waafrika wa vijijini vilikuwa na nyuzinyuzi nyingi, na kwamba kukoboa nafaka na kusafisha sukari kuliambatana na maradhi mengi.

Mafunzo hayo yakipelekwa jikoni, hutoa mwongozo ulio wazi. Chungwa moja lina sukari gramu 12 hadi 15 hivi, zikiwa zimefungwa katika nyama yake. Bilauri ya maji ya machungwa ina gramu 26 hivi, bila kizuizi. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari ina gramu 12 kabla andazi halijaguswa, na unga wa ngano wa gramu 30 huongeza gramu 22. Wali uliopikwa una wanga gramu 28 katika gramu 100. Maharage yaliyopikwa yana gramu 22, lakini ndani yake mna nyuzinyuzi nyingi pamoja na protini. Ndiyo sababu maharage huhesabiwa mara mbili kwa faida ya mlaji: ni mboga ya protini na ni wanga wa polepole.

Hakuna idadi moja ya gramu za wanga iwafaayo wote. Katika wiki za kwanza chakula huwa cha maji, kisha cha kupondwa, na wanga huwa kidogo kwa lazima. Baadaye huongezwa kwa uangalifu, kwa kutazama uzito, sukari ya damu na hedhi. Kugawa wanga wa siku katika milo midogo mitano au sita ni bora kuliko kuula wote jioni. Kiazi kitamu kidogo kilichochemshwa, dona badala ya sembe, na tunda zima badala ya maji yake ni mabadiliko yasiyohitaji duka la vyakula vya kigeni.

HEDHI INAPORUDI

Insulini ikishuka, ovari huamka, na mara nyingi huamka mapema kuliko mwenyewe anavyotazamia. Mwanamke aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba ni tasa, na pengine kutukanwa na mawifi na majirani, huweza kushika mimba miezi michache tu baada ya upasuaji. Habari hiyo njema hubeba hatari. Katika miezi hiyo mwili unapungua kwa kasi na akiba zake ni chache, hasa za chuma, asidi ya foliki na vitamini B12. Kwa hiyo madaktari hushauri mimba isubiri kwa kadiri ya miezi 12 hadi 18. Aliyefanyiwa mchepuko asitegemee vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango bila ushauri, kwa kuwa huenda visifyonzwe inavyopasa. Njia zisizopita tumboni ni za hakika zaidi.

Hedhi iliyorudi hupoteza damu, na damu ni chuma. Mwanzo wa utumbo mwembamba, ambao mchepuko huuruka, ndio unaofyonza chuma kwa wingi. Chai iliyonywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya chuma kilichomo katika mboga na maharage. Mambo haya matatu yakikutana huleta upungufu wa damu, na ndiyo maana vidonge vya vitamini na madini pamoja na vipimo vya damu ni vya maisha yote.

Liko pia jambo la kliniki. Wajawazito hupimwa kisukari kwa kunyweshwa glukosi gramu 75 katika maji. Kwa mwanamke aliyefanyiwa mchepuko kinywaji hicho ndicho hasa kiletacho maumivu, jasho na kuanguka kulikoelezwa, na majibu yake huweza kupotosha. Wataalamu hutumia njia nyingine, kama kupima sukari kwa tone la damu la kidole, kabla na baada ya milo, kwa muda wa wiki moja hivi. Lakini muuguzi hawezi kuchagua njia hiyo asipoambiwa. Kovu za upasuaji wa siku hizi ni ndogo kama tundu za vifungo, na huenda mwanamke akaona haya kulitaja jambo lenyewe.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni kwamba upasuaji haumwondolei mwanamke ulazima wa kuupima wanga, bali humwongezea, kwa kuwa umemwondolea bawabu aliyekuwa akiupima kwa niaba yake. Wanga haukatazwi. Huingia mwisho, huingia kidogo, huingia ukiwa na nyuzinyuzi zake, na hauingii kama kinywaji. Yeyote mwenye dalili zilizotajwa aanzie kwa daktari, na aliyekwisha kupasuliwa asibadili mlo wala dawa bila mshauri wake. Mwalimu wa elimuviumbe naye ana mahali pazuri pa kuanzia somo: kijiko kimoja cha chai katika lita 5 za damu.